Mtoto Anayetumwa Dukani

Wazazi wenzangu, na wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Nimeombwa niseme jinsi akili, utu na tabia ya mtoto vinavyokua. Naomba nipitie jambo moja tu, tunalolifanya kila siku bila kulifikiria: kumtuma mtoto dukani.

Mtazameni binti wa miaka sita aliyepewa elfu mbili na chupa tupu. Mafuta ya elfu moja, vitunguu vya mia tano, chenji arudi nayo. Njia nzima anarudia, "Mafuta ya elfu, vitunguu vya mia tano." Akiwakuta wenzake wanacheza gololi anapunguza mwendo, macho yameshafika kwenye gololi, midomo bado inahesabu vitunguu. Msimcheke anapojisemea. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alieleza kwamba maneno hayo ni chombo cha kazi. Mtoto anajiongoza kwa sauti, na kadiri anavyokua sauti ile inazama ndani, inakuwa kufikiri kimyakimya.

Dukani kichwa chake hakifiki kaunta. Watu wazima wanaagiza juu yake kana kwamba hayupo. Hapo ana kazi ngumu kuliko hesabu: apaze sauti mangi amsikie, lakini asionekane hana adabu. Ajue wakati wa kusema "shikamoo" na wakati wa kusema "nilitangulia mimi." Hakuna daftari linalofundisha hilo. Kisha anakabidhiwa chenji ya mia tano, na kopo la pipi liko palepale mbele ya macho yake.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Robert Serpell aliwauliza Wachewa wa Katete, mashariki mwa Zambia, kuhusu watoto wa vijijini mwao: kazi nzito ungemtuma yupi, na kwa nini? Majibu yalizunguka neno nzelu, yaani akili. Lakini nzelu ina pande mbili. Kuna kuchenjela, wepesi wa akili, na kuna kutumikila, kuwa mtu wa kutumwa akatumika. Mnasikia neno hilo lilivyo ndugu na la kwetu? Kwa wazee wale, mjanja asiyetumika nzelu yake ina pengo. Nao Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, waliwaeleza watafiti Sara Harkness na Charles Super kwamba ipo ng'om en sukul, akili ya shuleni, na ipo ng'om en ga, akili ya nyumbani: ya mtoto anayeona kazi inayotakiwa akaifanya kabla hajaambiwa. Mimi ni mwalimu. Nimejaza ripoti za watoto miaka mingi, na sijawahi kukuta nafasi ya kuandika hiyo ya pili. Linaniuma jambo hili.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikubali kusimama hapa. Siku moja binti yangu alirudi na nusu chupa, mafuta yamemwagika mpaka kwenye gauni. Nilimchapa kabla sijauliza. Usiku ndipo aliponiambia alijikwaa akikimbia, kwa sababu aliacha sufuria iko motoni na alijua namsubiri.

Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, aliwasimulia watoto habari za wavulana wawili. Mmoja anafungua mlango, hajui nyuma yake kuna sinia. Vikombe 15 vinavunjika. Mwingine anapanda kiti kuchukua jamu kwa kuiba, anavunja kikombe kimoja. Nani ana kosa kubwa zaidi? Wadogo wengi walimtaja yule wa vikombe 15. Wakubwa zaidi, wa karibu miaka kumi, walitazama nia. Baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba hata mtoto mdogo zaidi huiona nia, akielezwa waziwazi. Lakini Piaget alisema na jambo jingine, nalo ndilo lililonichoma: mtoto hujifunza kupima kosa kwa ukubwa wa hasara kwa kuwa anatuona sisi watu wazima tukipima hivyohivyo. Siku ile mimi nilipima mafuta. Sikumpima mtoto.

Basi mtumeni, lakini mahali anapofika bila kuvuka barabara kubwa, na muda wake wa kusoma na wa gololi ubaki. Mtumeni na wa kiume. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu dada anatumwa mara tano, kaka yuko kwenye mpira, na huyo kaka ndiye tunayemnyima darasa. Na siku mtoto akirudi na chupa pungufu, swali la kwanza liwe, "Ilikuwaje?" Kaeni chini, msikilizeni mpaka amalize. Kama mafuta bado yanadondoka sakafuni, yaacheni yadondoke.