Mwalimu Anayefundishia Mikokoni Asiachwe Peke Yake

Waheshimiwa maafisa elimu, wathibiti ubora wa shule, walimu wakuu, wakufunzi wa vyuo vya ualimu, nanyi walimu wenzangu mliotoka katika shule za mwambao, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia walimu wanaowatoa wanafunzi darasani na kuwafundisha mazingira pale pale yalipo. Nitajikita katika mikoko ya mwambao wa Tanzania, kwa kuwa shule nyingi kati ya Tanga na Mtwara zinaweza kuifikia kwa miguu, na kwa kuwa fundisho la mikokoni linaonyesha waziwazi ni msaada upi unaomfaa mwalimu na upi tunaompa bila kumfaa.

Niuweke msimamo wangu mezani mapema. Walimu wa aina hii hawakosi moyo wala hawahitaji kuhimizwa zaidi. Wanachokosa ni watu wa kuubeba mzigo pamoja nao, yaani mzigo wa ratiba, wa usalama wa watoto, wa kuijua sehemu yenyewe, na wa kujieleza mbele ya wakubwa. Tukiendelea kuwapa semina na vipeperushi huku mzigo wote ukibaki mabegani mwao, watatoka nje kwa mwaka mmoja au miwili kisha watarudi ubaoni, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Tuanze na ratiba, maana hapo ndipo masomo mengi ya nje hufia. Ratiba ya shule hufuata siku za juma, lakini bahari hufuata mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hupwa hadi mbali. Katika sehemu kubwa ya mwambao wetu, maji ya bamvua huwa yamepwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, saa ambayo wanafunzi wapo shuleni na jua halijawa kali sana. Juma linalofuata ni maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali, na saa ile ile ya saa nne maji huwa yamejaa au yanaelekea kujaa, kwa sababu kila siku kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Kwa hiyo mwalimu aliyepangiwa kipindi cha Sayansi Jumanne saa nne anaweza kukuta tope linalokanyagika juma hili, na juma lijalo akakuta maji pale pale alipokusudia kuwasimamisha watoto. Hapo hata awe hodari namna gani, hana la kufanya, isipokuwa mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia ratiba na masomo shuleni, akubali kubadilisha vipindi.

Mabadiliko hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtaaluma aiweke kalenda ya mwezi mwandamo kando ya ratiba ya shule, jambo jepesi katika mwambao ambako kalenda hiyo imetundikwa karibu kila msikiti na kila duka, kisha mwanzoni mwa muhula akae na mwalimu husika waweke alama kwenye siku za bamvua na kuunganisha vipindi viwili katika siku hizo. Kipindi kimoja cha dakika 40 huishia njiani. Tena makubaliano hayo yaandikwe kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha, na mwalimu mkuu ayatie saini, ili mwalimu asilazimike kuomba ruhusa upya kila mara kama mtu anayeomba likizo.

Suala la pili ni maarifa ya mahali, nalo naomba tulitazame kwa utulivu, kwa sababu tunalipuuza mno. Serikali humpangia mwalimu kituo popote. Mwalimu aliyekulia Iringa au Kigoma anaweza kupangiwa Kilwa au Mafia, akafika mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu anajua maji yatapwa saa ngapi na yeye hajui. Ndani ya darasa kitabu humlinda. Akifika mikokoni, wanafunzi wanajua mengi kuliko yeye, na mwalimu aliyelelewa kuamini kwamba heshima yake ni kujua kila kitu huona hatari kubwa hapo. Wengi hukwepa, kisha sisi husema hawana mwamko.

Tazameni somo moja dogo. Mwanafunzi anachuma jani la mchu, mmoja wa miti ya mikokoni, siku ya jua, anaona juu yake chembe nyeupe, anaonja kwa ncha ya ulimi na kukuta ni chumvi. Hatua chache kutoka hapo upo mti mwingine, mkoko hasa, wenye mizizi iliyojipinda kama matao. Anaonja jani lake, na chumvi ile haipo. Miti miwili imesimama katika tope moja na kunyweshwa maji yale yale: mchu huruhusu chumvi kuingia kisha huitoa kupitia majani, ilhali mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isipande juu. Darasa la wanafunzi 80 likigawanywa katika makundi, kila kundi likapewa miti miwili na swali moja, yaani kila mti unafanyaje na chumvi, litakuwa limefanya sayansi halisi kwa kutumia macho, ulimi na daftari. Hakuna kifaa cha maabara kilichohitajika. Kilichohitajika ni mtu wa kumwonyesha mwalimu, kabla ya siku ya somo, mchu ni upi, mkoko ni upi, na mkandaa, mti mwingine wa mikokoni, unaanzia wapi.

Mtu huyo yupo kijijini. Ni mama anayeokota chaza na tondo, ni mzee aliyekata boriti enzi ambazo majahazi yalizipeleka Arabuni na Ghuba, ni kijana wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari anayepanda miche. Napendekeza kwamba kila mwalimu mpya katika shule ya mwambao, katika muhula wake wa kwanza, atembezwe mikokoni na wenyeji hao bila wanafunzi, ili aulize maswali yake bila haya na apotee njia bila kuonekana na darasa lake. Na ninalisema hili kwa uzito: wenyeji hao walipwe japo kidogo kwa muda wao. Tunatoa posho kwa mwezeshaji anayekuja na kompyuta kutoka mjini, halafu tunatarajia mama aliyeacha kazi yake ya siku ya bamvua, siku ambayo ndiyo ya mapato yake, aje kufundisha kwa kushukuriwa tu. Jambo hilo si la haki, na matokeo yake ni kwamba mara ya pili haji.

Tunao tayari mfumo unaoweza kubeba kazi hii. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunayoyaita MEWAKA, yanawataka walimu wakutane shuleni na katika vikundi vya shule jirani ili wafundishane. Hakuna kinachozuia kikao kimoja cha muhula kifanyike ufukoni badala ya ofisini, mwalimu mmoja akifundisha wenzake kama wanafunzi na mzee wa kijiji akiwasahihisha. Mwalimu hujifunza kufundishia nje akiwa nje. Kulifundisha jambo hili kwa slaidi ukumbini, tena mara moja tu, ni kupoteza fedha, na nadhani sote tuliowahi kukaa katika kumbi hizo tunalijua hilo.

Sasa nizungumzie usalama, maana nyuma ya visingizio vingi ipo hofu hii. Mwalimu anajiuliza: mtoto akikatwa unyayo na chaza, akichomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa, nani atajibu? Ninamfahamu mwalimu katika shule moja ambaye mwanafunzi wake alijikata mguu kidogo, akatibiwa, akapona, lakini mwalimu akaandikiwa barua ya kujieleza, na tangu siku hiyo hakuna mwalimu yeyote wa shule ile aliyewatoa wanafunzi nje ya uzio. Barua moja ilitosha kulifunga somo kwa shule nzima. Dawa yake ni uwajibikaji unaogawanywa kabla ya safari: wazazi wamearifiwa na kuridhia kwa maandishi, mwalimu mkuu amesaini mpango wa siku hiyo, watu wazima wako wa kutosha, mwenyeji anayejua mikondo yupo, kila mtoto ana kitu miguuni, sanduku la huduma ya kwanza limebebwa, na saa ya kuondoka imepangwa kabla maji hayajaanza kurudi. Mwalimu akiyatimiza hayo yote na ajali ndogo ikatokea, mkuu wake asimame upande wake. Bila ahadi hiyo, mengine yote ninayoyasema leo hayana miguu.

Kwa wathibiti ubora wa shule nina ombi mahususi. Mnapofika shuleni mnakagua azimio la kazi, andalio la somo na madaftari. Daftari la mwanafunzi aliyetoka mikokoni lina mchoro wenye tope, majina manne ya miti, na swali lisilo na jibu. Kwa jicho lililozoea nukuu safi za ubaoni, hilo linaonekana kama uzembe. Naomba mkubaliane na walimu ni ushahidi gani wa kujifunza mtaupokea, na inapowezekana mfuatane nao hadi huko. Mwalimu akijua kwamba mkaguzi atakuja na viatu vya kukanyagia tope, atapanga somo lake kwa namna nyingine kabisa.

Kuna ugumu mwingine ambao hauandikwi katika miongozo. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, na kuikata bila kibali ni kosa. Mwalimu anapouliza kwa nini sehemu hii imebaki visiki, mtoto anaweza kumtaja baba yake. Katika delta ya Rufiji, kwenye eneo kubwa kuliko yote la mikoko katika mwambao wa Afrika Mashariki, watu wamefyeka mikoko kwa ajili ya mpunga. Kwingine imekatwa kupisha mashamba ya chumvi au kupata kuni. Mwalimu anaishi kijijini hapo, amepanga nyumba ya mtu, na ananunua samaki wa watu hao hao. Ni lazima asaidiwe kuipanga mada hii kwa namna inayomwezesha mtoto kuelewa kwa nini watu hukata na nini hufuata, bila kumgeuza mtoto kuwa shahidi dhidi ya nyumba yake. Mazungumzo na serikali ya kijiji yatangulie somo, na aende kuyafanya mwalimu mkuu, asiachiwe mwalimu kijana wa mwaka wa kwanza.

Tukumbuke pia kwamba katika shule zetu kutoka nje kuna historia yake. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia kuunganisha shule na maisha ya jamii, lakini katika shule nyingi ilibaki jembe tu, na mpaka leo mtoto aliyekosea hutumwa kufyeka nyasi. Mzazi akisikia mwanawe yuko nje saa za masomo, hudhani anatumikishwa. Waiteni wazazi waone somo moja kwa macho yao; mkutano wa maelezo peke yake hauwaondolei shaka hiyo.

Kazi nzuri imefanyika. Klabu za Malihai, zinazowafundisha wanafunzi kuhifadhi wanyamapori na mazingira, zipo tangu 1980, na Roots & Shoots ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991. Huko Zanzibar, Kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ya matumbawe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, hupokea wanafunzi wa visiwani, na mapato ya watalii ndiyo hugharimia ziara hizo. Mimi huzithamini juhudi hizi zote. Hata hivyo, ziara ni ya siku moja, na klabu mara nyingi humtegemea mwalimu mmoja, hukutana baada ya masomo, na mwalimu huyo akihamishwa klabu huhama naye.

Ndiyo maana namalizia na uhamisho. Kila shule iwe na daftari la mahali, linalokaa ofisini na si katika mkoba wa mwalimu. Liandikwe humo njia ya kwenda mikokoni, mahali ambapo tope humeza mguu, majina ya miti kama wanavyoyasema wenyeji wa hapo, nani wa kuombwa aongoze na alipwe kiasi gani, siku za bamvua zilizotumika, maswali yaliyofaa kwa darasa gani, na mambo yaliyoharibika. Mwalimu anayeondoka akabidhi daftari hilo pamoja na vitabu vya somo lake, na kabla hajafunga virago ampeleke anayempokea hadi ufukoni siku moja ya bamvua, wakiwa na mama yule yule wa chaza. Afisa elimu kata akague makabidhiano hayo kama anavyokagua madawati.