Kondoo wa Kumi

Ndugu zangu, nimeulizwa kama Mkristo bado anadaiwa zaka. Nitajibu mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutosha wa kununa. Kwa sheria, hadaiwi. Mimi mwenyewe hutoa fungu la kumi na sina mpango wa kuacha, ila silipi deni.

Malaki 3:10 tunaikariri wote: "Leteni zaka kamili ghalani." Tukifika hapo tunaitikia amina, kumbe mstari unaendelea: "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula! Zaka ya Torati ilikuwa nafaka, divai, mafuta na mifugo. Tusiseme eti ni kwa kuwa fedha hazikuwapo. Kumbukumbu la Torati 14 linamruhusu anayekaa mbali auze mazao, afunge fedha mkononi, na akifika mahali patakatifu anunue anachotamani: ng'ombe, kondoo, hata kileo, ale na kufurahi na jamaa yake mbele za Bwana. Ndiyo, anaila zaka yake mwenyewe. (Mahubiri ya mstari wa 26 bado nayasubiri.) Na kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini mwake, wakaila Mlawi (mtu wa kabila la watumishi wa hekalu) asiye na urithi, mgeni, yatima na mjane, wakashiba.

Sasa twende zizini, Walawi 27. Wanyama wanapita chini ya fimbo mmoja mmoja. Wa kumi ni wa Bwana, mnono au amekonda, na mwenyewe haruhusiwi kumbadilisha. Haya, na mwenye kondoo tisa? Wanapita, fimbo inahesabu: saba, nane, tisa, zizi tupu. Wa kumi hayupo. Nimeusoma mlango huo mara nyingi na sioni mahali ambapo mtu huyo anaambiwa akakope kondoo.

Mtaniambia Abrahamu alitoa kabla ya Musa. Alitoa, na kilikuwa kitu cha nyara za vita. Tohara nayo ilimtangulia Musa, lakini mitume walipokutana Yerusalemu, Matendo 15, hawakuwatwika Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi, mzigo huo, na katika barua waliyoandika zaka haimo.

Hoja nzito kuliko zote ni Mathayo 23:23, wala siikwepi. Mafarisayo wanatoa zaka hata ya mnanaa na bizari, na Yesu hawaambii waache; anawalaumu kwa kuacha adili, rehema na imani. Lakini anasema na Wayahudi walio chini ya Torati, hekalu lingali limesimama. Yule mwenye ukoma aliyetakaswa katika Mathayo 8 naye aliagizwa akatoe sadaka aliyoamuru Musa. Hiyo mbona hatudaiani?

Zaka ya lazima kanisani ilikuja baadaye. Sinodi ya Mâcon, mkutano wa maaskofu huko Ufaransa ya leo, mwaka 585, iliagiza asiyetoa atengwe na kanisa. Mwaka 779 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, akaifanya amri ya dola. Ufaransa waliifuta katika mapinduzi ya 1789.

Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kutaja asilimia kumi. Aliandika nini? Kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Huenda wengine hapa mkikusudia kwa kweli, kumi itakuwa ndogo mno kwenu. Msinishangilie basi kana kwamba nimewapunguzia.

Kuna kikaratasi nimeletewa, hakina jina: "Nalea watoto peke yangu, nina madeni. Nisipotoa zaka nimemwibia Mungu?" Uliyeandika, Kumbukumbu 14 imekutaja, ila upande wa wanaolishwa. Wazee wa kanisa, tukimaliza naomba mbaki kidogo.