Chandidas yupi? Saini moja, washairi wengi

SALMA: Leo tuko Bengal ya zamani, kwa mshairi wa mapenzi ya mungu wa Kihindu Krishna na mpenzi wake Radha. Kaka Juma, Chandidas alikuwa nani?

JUMA: Uliza kwanza: Chandidas yupi? Mshairi wa Kibengali wa enzi zile hujitaja mwishoni mwa wimbo, na mstari huo huitwa bhanita. Sasa kuna nyimbo za Boru Chandidas, za Dvija Chandidas, za Dina Chandidas, na nyingine Chandidas mtupu.

SALMA: Hata malenga wetu hujitaja kwenye kaditama. Kwa nini huko pakavurugika?

JUMA: Waimbaji, dada. Kirtani, yaani nyimbo za kumsifu Mungu, huimbwa kwa kichwa. Jina la mtunzi likisahauliwa, hutiwa lile lenye sifa. Na Chandidas alikuwa na sifa, maana hata Chaitanya, mtakatifu wa Bengal aliyemwabudu Krishna, aliyefariki 1534, alipenda nyimbo zake. Neno la kizamani nalo hubadilishwa ili wasikilizaji waelewe.

SALMA: Kwa hiyo wimbo ulivyopendwa zaidi ndivyo ulivyoharibika zaidi.

JUMA: Naam! Uliosalimika ulikuwa zizini. Mwaka 1909 Basanta Ranjan Roy aliukuta mswada katika zizi la ng'ombe kijijini Kankilya, karibu na Bishnupur. Kurasa za mwanzo na za mwisho hazikuwepo, kwa hiyo jina Shrikrishna Kirtan alilipa Roy mwenyewe, alipouchapisha 1916. Una nyimbo zaidi ya 400, sehemu 13, na nyimbo zimeandikiwa raga yake, yaani mahadhi ya kuimbia. Saini ni ya Boru Chandidas, mja wa mungu wa kike Basali. Lugha ni nzito, ya kale kweli.

SALMA: Tusikie kidogo.

JUMA: Radha kasikia filimbi ya Krishna: "Akula sharira mora, beakula mana." Hesabu mizani: a-ku-la sha-ri-ra mo-ra, nane, be-a-ku-la ma-na, sita. Hiyo ndiyo bahari ya payar, 14 kwa mstari.

SALMA: Mwili wahangaika, moyo wahangaika. Halafu?

JUMA: Halafu anamlalamikia Barayi, yule bibi kizee mshenga, kwamba filimbi imemvurugia mapishi. Hapo ndipo ninapompenda mshairi huyu. Radha wake ana ulimi: Krishna akijifanya mtoza ushuru njiani amzuie na maziwa yake, anabishana naye wimbo baada ya wimbo. Anayetafuta utulivu wa ibada humu atashtuka.

SALMA: Na kisa cha Rami, dobi aliyependwa na Chandidas?

JUMA: Mswadani hayumo. Hata ule mstari maarufu, kwamba juu ya vyote mwanadamu ndiye kweli, na juu yake hakuna kitu, haumo. Una saini ya Chandidas, lakini ni wa nyimbo za Wasahajiya, madhehebu ya Bengal yaliyoona mapenzi ya binadamu kuwa njia ya kumfikia Mungu. Kijiji cha Nanoor wanamdai Chandidas kuwa wao, na cha Chhatna wanamdai. Kwa wingi huo wa saini, huenda kila kijiji kina wake.