Mtoto Anakula, Mbona Hakui?

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wazazi wenzangu wa Mufindi, nashukuru mmekuja na baridi hii.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipima watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa nchi nzima, 30 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Iringa yetu, karibu 57. Jirani zetu Njombe, nusu. Mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage! Lawama humwangukia mama, kwamba anampa mtoto uji mtupu. Lipo la kweli hapo, na maafisa lishe wamelisema sana. Mimi leo nimekuja kusema habari za sakafu.

Mtoto wa miezi tisa anatambaa jikoni. Kuku kapita, kaacha alama yake. Mtoto kaweka kiganja hapohapo, kisha vidole mdomoni. Si lazima aharishe. Ila mchezo huo ukirudiwa kila siku, vijidudu vinaukera utumbo, na vile vijinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinasinyaa. Nguvu ya kukua inaishia kwenye kupigana na vijidudu. Mama analisha, mwili hauoni faida.

Halafu kuna kile kinyesi cha mtoto anyonyaye, ambacho wengi tunaambiana hakina shida. Kinafutwa kwa kipande cha kanga, kinatupwa nyuma ya nyumba. Kina vijidudu kama cha mtu mzima. Kiende chooni, na maji ya kufulia nepi yaende hukohuko.

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, vikundi vya redio na watu kuchimba vyoo. Kazi ile ilikuwa kubwa. Lakini sitawadanganya kwamba choo na sabuni peke yake vitamrefusha mtoto. Kenya, Bangladesh na Zimbabwe kulifanyika majaribio makubwa, majibu yakatoka 2018 na 2019. Familia zilipewa vyoo, vifaa vya kunawia mikono na dawa ya kutibu maji. Bangladesh kuhara kulipungua. Kenya na Zimbabwe hakukupungua. Urefu haukuongezeka popote kwa sababu ya usafi; walioongezeka kidogo ni waliopewa lishe ya nyongeza. Wapo waliosema basi, fedha za vyoo ziende kwingine. Sikubaliani nao. Ninavyoona mimi, uchafu uliobaki pale mtoto anapochezea ulikuwa bado mwingi mno.

Maji nayo. Chemchemi zetu zinang'aa na tunazisifu, lakini hata maji yaliyochotwa safi huchafukia nyumbani: ndoo wazi, kikombe kimoja, mkono hadi kwenye kifundo. Weka kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na mfuniko, umimine. Na ukichemsha, huku juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yaache yaendelee kutokota dakika tatu. Ndugu wa Makete mlioolewa huku, mwambieni na mama nyumbani.

Walimu, vibuyu chirizi vya kunawia mikono mmefunga, hongereni. Ila Juni na Julai mtoto anakizunguka kibuyu kama hakioni. Maji ya baridi na sabuni yanaondoa uchafu sawasawa na ya moto, lakini mtoto wa darasa la kwanza haogopi vijidudu, anaogopa baridi. Sufuria ya uji ikishuka, bandikeni maji kwenye makaa yaleyale, muyachanganye yawe vuguvugu. Gharama yake ni ndogo mno.

Nimalizie kwa akina baba, maana hadi sasa nimewasumbua akina mama tu. Kuku wanalala jikoni kwa sababu ya wezi na baridi, nafahamu. Lakini mabanzi yamejaa kwenye viwanda vya mbao hapa, na kufuli inauzwa dukani. Jengeni banda, liinuliwe kidogo kutoka chini, mlango ufungwe. Mchana zungushieni uzio pale mtoto anapotambaa, hata wa mianzi.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.