Nguruwe wa Moka Alilala Nyumba ya Nani?

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine hamjambo. Leo naomba tuanze na nguruwe.

Wamelpa wanaishi kuzunguka Mount Hagen, nyanda za juu za Papua New Guinea, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi kule ni baridi na ukungu. Zamani wanaume walilala katika nyumba yao. Mwanamke alilala kwake na wanawe, na nguruwe ndani humo humo, kila mmoja na kizizi chake. Kukipambazuka aliwafungulia wakajitafutie, naye akashika njia ya shamba, kwenye matuta ya viazi vitamu. Jioni alirudi na bilum mgongoni, mfuko wa kusokotwa ambao mkanda wake hukaa kichwani, kama mama wa Kikuyu na kiondo chake. Viazi vizuri vya watu, vidogo vya nguruwe. Hivyo kila siku, miaka na miaka.

Yote hayo ya nini? Ya moka, desturi yao ya kupeana zawadi kwa zamu, kila anayerudisha akizidisha alichopewa. Ukinipa nguruwe watano nami nikakurudishia watano, nimelipa deni tu. Nikikupa wanane, wale watatu wa ziada ndio moka yenyewe, na sasa zamu ni yako. Siku ikifika, vigingi vilisimikwa safu ndefu uwanjani, nguruwe wakafungwa, wanaume wakajipaka mkaa usoni na kuvaa manyoya ya ndege wa peponi. Mkubwa wao alining'iniza kifuani omak, vijiti vya mwanzi vilivyofungwa kama ngazi, kila kijiti kikihesabu fungu la makombe ya chaza aliyokwisha kuyatoa. Hebu fikirini: mtu anajipamba kwa hesabu ya vitu ambavyo si vyake tena!

Makombe hayo ndiyo yanayoitwa kina. Miaka ya 1930 Waaustralia waliokuja kutafuta dhahabu waliyaleta kwa ndege, tele, wakilipia chakula na kazi, hata thamani yake ikashuka. Jina halikufa: tangu 1975 fedha ya nchi inaitwa kina, kama Waganda wanavyoita fedha ensimbi, yaani simbi zile zile za pwani.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana hotuba za uwanjani zilikuwa za wanaume, na jina lilikuwa la mume. Lakini mwenzake wa moka mara nyingi alikuwa shemeji: kaka wa mke, au mume wa dada. Bila mwanamke aliyeolewa pale katikati, nguruwe wasingekuwa na njia ya kupita. Tena ni yeye aliyewalisha. Mume akimtoa nguruwe bila kumshauri mkewe, ugomvi uliwaka nyumbani, na mume hakuwa na la kujibu, kwani wote wawili walijua viazi vilichimbwa na nani.