Moto wa Montreux kwa Tarumbeta

Nashukuru. Kinanda hiki kina funguo mbili mbovu, lakini kwa shughuli yangu kinatosha. Sikilizeni. [Anapiga.] Mmeona? Sijafika hata kwenye maneno, mmeshacheka! Kila ninapolizungumzia jambo hili watu hucheka hapohapo, na kicheko hicho ndicho kimenirudisha leo.

Mnachokijua sitakirudia. Kuna watu huchukua nyimbo za hevi metali, wakazivua magitaa yanayonguruma, wakazivalisha suti ya launji, ule muziki wa hotelini wa ngoma zinazopapaswa kwa brashi. Ninyi mnauita utani. Mimi nasema hakuna njia bora ya kuukagua wimbo.

Nianze na Pat Boone, mwimbaji wa Kimarekani, na nikikawia kwake mnivumilie. Januari 1997 mzee huyu wa miaka 62, mlokole wa viatu vyeupe, alitoa albamu ya In a Metal Mood, nyimbo za hevi metali na roki zikipigwa na bendi kubwa ya jazi. Akatokea kwenye American Music Awards, tuzo za muziki za Marekani, kavaa kizibao cha ngozi, kifua wazi, tatuu za kubandika. Trinity Broadcasting Network, kituo cha Kikristo, kikamwondolea kipindi chake hewani. Na kila msimuliaji anaishia hapo, kwenye kizibao! Muziki wenyewe haulizwi.

Mle ndani imo "Smoke on the Water" ya bendi ya Deep Purple. Lile gitaa lake ni noti nne, zinapigwa mbilimbili, na imekosekana ile ya katikati inayokuambia wimbo umenuna au umechangamka. Mpangaji wa launji anairudisha, anaongeza nyingine tamu juu yake [anapiga], anawakabidhi wa tarumbeta. Sasa hakuna ngurumo ya kujificha nyuma yake, unasikia maneno. Na maneno yanasema nini? Ni taarifa ya habari! Tarehe 4 Desemba 1971, Montreux, Uswisi, mwanamuziki Frank Zappa yuko jukwaani, mtu anafyatua fataki ya ishara, kasino inateketea, moshi unatanda ziwani. Deep Purple walikuwepo, walikwenda kurekodi. Nimewauliza vijana wenye fulana za bendi hiyo: gitaa wanaliimba kwa mdomo, moto hawaujui. Sisi tuliokulia kwenye taarab, ambako mtu huinuka kwenda kutunza kwa mstari mmoja uliomgusa, tunauvumiliaje wimbo usiosikika maneno?

Na gitaa kwenye rekodi ya Boone kapiga nani? Ritchie Blackmore mwenyewe, mwenye lile gitaa la asili, pamoja na Dweezil Zappa, mtoto wa Frank yuleyule aliyeunguliwa na onyesho. Ronnie James Dio, mwimbaji wa hevi metali, naye kaitikia kwenye "Holy Diver", wimbo wake. Hawa hawakuona kama wanachekwa.

Najua pale nyuma kuna anayesubiri kusema: huyo Boone si ndiye aliyeuimba "Ain't That a Shame" wa Fats Domino mwaka 1955, akafika nao namba moja? Ndiye, na sikuja kumtetea. Wakati ule alikuwa akizilainisha nyimbo za Wamarekani weusi ili redio za wazungu zizimeze, wenyewe wakiwa hai na wakiimba kumshinda. Mwaka 1997 wenye nyimbo waliingia naye studio. Kama tofauti hiyo huioni, tuonane kwenye chai.

Wa mzaha kwelikweli wapo. Richard Cheese, na suti yake ya usiku, anaimba "Down with the Sickness" ya bendi ya Disturbed kana kwamba anakukaribisha chakula cha jioni. Filamu ya Dawn of the Dead ya 2004 iliutumia, na pale, kati ya maiti zinazotembea, unacheka huku nywele zimekusimama.

Paul Anka, mwimbaji mwingine wa njia hii, nilimwandalia kurasa mbili. Mwenyekiti ananionyesha saa, basi aende zake. Hellsongs, bendi ya Gothenburg, Uswidi, siwaachi. Mwanamke anaimba taratibu, gitaa kavu, kinanda, basi. Wanaimba "Run to the Hills" ya bendi ya Iron Maiden. Mwanzo anasema Mkree, mwenyeji wa asili wa Amerika aliyevamiwa, kisha anasema askari aliyemvamia. Katika rekodi ya Iron Maiden ngoma zinakwenda mbio kama farasi, nawe umo mgongoni, hujui umepanda wa nani. Kwa huyu mama farasi wamesimama.

Kijana wa mitambo, tuwekee. Na safari hii asicheke mtu mpaka askari aanze kusema.