Figo Mpya, TB ya Zamani

SALIM: Assalaam alaykum wasikilizaji, hapa ni Malindi. Mimi ni Salim, na ubavuni pangu yuko Bi Zuhura, muuguzi aliyezeekea kwenye chumba cha dayalisisi.

ZUHURA: Sijazeeka, Salim. Nimekomaa.

SALIM: Umekomaa, niwie radhi. Leo tuna swali kutoka Lamu. Msikilizaji anasema kaka yake yuko kwenye mashine ya dayalisisi, ile ya kusafisha damu figo zikishindwa, dada yao amejitolea kumpa figo, na mipango ya upandikizaji imeshaanza. Juzi wameambiwa mgonjwa ana TB. Hakohoi, hana homa, eksirei ya kifua ni safi. Anauliza, si ajabu hospitali imechanganya majina?

ZUHURA: Haijachanganya. Ila aliyewapa habari alizikata katikati. Kaka yake hana ugonjwa wa TB, ana maambukizi ya TB yaliyolala. Vijidudu vimo mwilini, lakini kinga imevizungushia ukuta, vimekaa humo havisumbui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa hivyo. Na Kenya imo katika orodha ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo huenda hata humu studio tumo.

SALIM: Usinitie hofu, Bi Zuhura.

ZUHURA: Hofu ya nini? Aliye na TB iliyolala hamwambukizi mtu. Kikombe chake nywea, kitanda chake lalia. Na kati ya watu 100 walio hivyo, kama 5 hadi 10 tu ndio huja kuugua maishani, iwapo kinga yao ni nzima. Sasa shida yetu iko hapo kwenye "iwapo".

SALIM: Kwa sababu anayepandikizwa figo…

ZUHURA: …kinga yake tunaishusha kwa makusudi. Figo ya mtu mwingine, hata wa damu moja, mwili unaiona mgeni. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, kule Boston mwezi wa Desemba 1954, ulikuwa baina ya mapacha waliofanana kabisa, ndiyo maana mwili haukuikataa figo. Wengine hawana bahati hiyo. Wanakunywa takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, kila siku, maadamu figo ile inafanya kazi. Dawa hizo zinailinda figo, na papo hapo zinaubomoa ule ukuta. Tafiti za nchi mbalimbali zimetaja kwamba hatari ya kuugua TB kwa waliopandikizwa viungo ni mara 20 hadi 74 kuliko watu wengine. Wengi huugua ndani ya mwaka wa kwanza.

SALIM: Lakini TB si ina dawa? Akiugua, atibiwe.

ZUHURA: Ina dawa, tena nzuri. Ngoja nikueleze balaa lake. Dawa kuu ya TB ni rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini, ini linaanza kuivunja takrolimasi haraka haraka. Mgonjwa anameza vidonge vyake kwa wakati, hakosi hata kimoja, lakini damuni dawa haionekani. Siku si nyingi mwili unaikataa figo. Kwa hiyo daktari anabaki na mzani mbaya mikononi: aongeze takrolimasi maradufu na kupima damu kila mara, au abadilishe dawa ya TB. Kuna inayoitwa rifabutini, haina makali hayo, lakini uangalizi ni ule ule.

SALIM: Yaani unatibu kifua, unapoteza figo.

ZUHURA: Na aliyetoa figo ni dada yako. Hawezi kutoa nyingine.

SALIM: Subhanallah.

ZUHURA: Tena usidhani TB hii itakuja na kikohozi. Kwa waliopandikizwa mara nyingi inatokea nje ya mapafu, au inasambaa mwili mzima. Mtu ana homa tu ya jioni, anakonda, watu wanasema malaria. Ndiyo maana nasema wakati wa kushughulika nayo ni sasa, kabla ya figo.

SALIM: Haya, vipimo. Ami yangu alidungwa sindano mkononi, akaambiwa arudi. Hakurudi.

ZUHURA: Basi ni kama hakupimwa. Ile ni Mantoux. Unadungwa kwenye ngozi ya mkono, unarudi baada ya saa 48 hadi 72 uvimbe upimwe kwa rula. Unapimwa uvimbe wenyewe, si wekundu. Kwa anayengoja figo, milimita 5 tayari ni jibu kwamba anavyo vijidudu, hatungoji 10. Sasa fikiria mtu wa Lamu kadungwa Mombasa. Boti, Mokowe, basi, halafu siku ya tatu aanze safari upya? Mimi namwambia afikie kwa jamaa zake, asirudi nyumbani mpaka asomwe mkono.

SALIM: Na kile kipimo cha damu?

ZUHURA: Kile unatolewa damu mara moja, na hakidanganywi na BCG, ile chanjo ya TB uliyochanjwa utotoni. Sindano ya ngozi inaweza kudanganywa. Tatizo ni kwamba damu ile haitaki kukawia njiani, na si kila maabara inaifanya. Lakini Salim, kuna jambo watu hawalisemi. Mtu aliyekaa sana kwenye dayalisisi, kinga yake imeshachoka. Unampima, jibu linatoka hana, kumbe anavyo. Mwili umeshindwa hata kuvimba.

SALIM: Sasa utamjuaje?

ZUHURA: Unamuuliza. Nyumbani kwenu nani aliwahi kutumia dawa za TB? Ulilala naye chumba kimoja? Wewe mwenyewe uliwahi kutibiwa, ukamaliza au uliacha ulipopata nafuu? Mimi nayaamini majibu hayo kuliko sindano. Tatizo, mtu akiulizwa mbele ya mkwe wake atasema hapana, kwetu hakuna TB, maana akilini mwa watu TB na UKIMWI ni ndugu. Muulize peke yake. Na dada anayetoa figo aulizwe vile vile na apimwe, kwa sababu vijidudu vinaweza kuhamia ndani ya figo yenyewe.

SALIM: Tuseme amepatikana navyo. Anatibiwa vipi?

ZUHURA: Kwanza wahakikishe haumwi TB kweli: eksirei, na makohozi kama anakohoa. Ukimpa mwenye ugonjwa dawa moja tu, unavifundisha vijidudu usugu. Wakishahakikisha, njia ya zamani ni isoniazidi, miligramu 300 kila siku, kwa miezi 6 au 9, pamoja na vitamini B6, maana wagonjwa wa figo wanapata ganzi miguuni upesi. Siku ya dayalisisi ainywe akishatoka kwenye mashine, la sivyo mashine itaichuja. Njia fupi ni isoniazidi na rifapentini, mara moja kwa wiki, dozi 12. Ila rifapentini ni nduguye rifampisini, hiyo imalizwe kabla ya upasuaji. Isoniazidi peke yake, hata figo ikipatikana katikati, anaendelea nayo baadaye.

SALIM: Kwa hiyo si lazima upandikizaji uahirishwe.

ZUHURA: Mara nyingi si lazima. Hilo mwambie msikilizaji wetu, najua ndilo linalomkosesha usingizi. Lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, chakula kikamkinai, asimeze kidonge kingine kabla hajaonwa. Isoniazidi inaweza kuumiza ini. Na zile chupa za mitishamba za kusafisha figo azitupe.

SALIM: Hapo umewagusa watu.

ZUHURA: Waguswe. Na jingine ni la watu wa pwani: jodari. Jodari aliyekaa juani anatengeneza kemikali iitwayo histamini, na kumpika hakuiondoi. Isoniazidi inauzuia mwili kuivunja. Mtu anakula mchuzi wake mzuri, mara uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, anadhani ni presha. Samaki awe ametoka baharini leo na kuwekwa barafuni, au ale wa aina nyingine.

SALIM: Na Ramadhani?

ZUHURA: Isoniazidi ni mara moja kwa siku, ataipangia usiku. Kufunga au kutofunga kwa mtu wa dayalisisi ni jambo jingine, aongee na daktari wake wa figo.

SALIM: Mwisho, ami yangu yule. Nimpeleke akadungwe upya?

ZUHURA: Mpeleke. Jumatatu, Salim, si Ijumaa. Akidungwa Ijumaa saa za kusomwa zinaanzia Jumapili, utamkuta nani wa kupima?

SALIM: Jumatatu, inshallah. Tunapumzika kidogo, tukirudi tuna swali kutoka Watamu kuhusu chumvi na maji ya madafu.